Nimetumia hela ya bibi harusi mmoja kumfanyia harusi mwingine

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Tabata, Dar es Salaam, nina mume na mtoto mmoja. Nilianza kupamba kumbi miaka sita iliyopita, na vitambaa vya kuazima na taa za kukodi. Baadaye watu wakawa wananiuliza, "Na keki hujui mtu? MC je?" Nikajikuta nimekuwa mratibu wa harusi. Sasa mtu ananikabidhi kila kitu: ukumbi, mapambo, keki, MC, muziki, mpiga picha. Chakula na vinywaji tu ndiyo naiachia kamati.

Mwaka huu ulianza vibaya. Kwaresima na Ramadhani zimeingia wiki moja, katikati ya Februari. Miaka mingine Wakristo wakisimamisha harusi nakula kwa Waislamu, na Waislamu wakifunga nakula kwa Wakristo. Safari hii wote wamenyamaza pamoja. Mpaka Pasaka nilikuwa nimefanya kichenpati mbili tu, na kodi ya stoo ilikuwa inanisubiri.

Ndipo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akatangaza kuoa mara baada ya Pasaka. Kamati ikanipa kazi: milioni 14 kwa vyote nilivyotaja. Hatukuandikiana. Ningeanzaje kumwandikisha mama mdogo mkataba? Daftari la ahadi lilisoma milioni 34, kila Jumapili tunakutana, watu wanapandisha ahadi na wanapigiwa makofi. Mpaka wiki ya harusi, katika zile milioni 34 zilikuwa zimeingia milioni 21 na laki nne. Mimi nilikuwa nimelipwa 8.

Jumatano nikampigia mwenyekiti, ni mtu mzima, mume wa shangazi yake bwana harusi. Akanijibu kwa sauti WhatsApp, na bado ninayo: "Mwanangu, wewe anza tu. Hela ipo njiani, hatuwezi kuaibika." Ukumbi ulikuwa unataka hela yake ndiyo wafungue mlango. Shangazi, nilikuwa na milioni 6 za bibi harusi mwingine, alizonilipa mwezi Machi kwa harusi yake ya Julai. Nikachukua 4.8. Nyingine 1.2 nikakopa kwenye kikoba chetu.

Harusi ilipendeza mno. Baada ya wiki mbili wakavunja kamati. Mbuzi wawili, bia kwa kreti. Mweka hazina akasoma taarifa, akasema "mratibu anadai kidogo, tutamalizana kifamilia", watu wakapiga vigelegele, wakanitunza kanga. Nilicheza nikiwa na kanga mabegani, na milioni 6 sijalipwa mpaka leo.

Sasa yule wa Julai zimebaki wiki saba. Mkataba wake ni milioni 11, atanimalizia 5 wiki mbili kabla ya harusi. Katika hela yake iliyobaki nimenunua vitambaa vya rangi aliyotaka na kulipia keki nusu, imekwisha. Ukumbi wake nimeushika kwa mdomo tu. Jana meneja kaniambia kuna mwingine anaitaka tarehe hiyo, nisipopeleka nusu, yaani milioni moja na nusu, kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, anampa. Na bibi harusi wangu hana habari. Usiku wa manane ananitumia picha za maua, ananiandikia "dada yangu nakuamini".

Kuna dada mwingine, yeye anaolewa Desemba. Yuko tayari kunipa milioni 4 za kuanzia wiki hii hii. Nikizipokea, ukumbi wa Julai unapona. Mume wangu hajui lolote. Mama yangu nilimgusia kuhusu deni la mdogo wake, akaniambia, "Ukimdai mama yako mdogo hela, siku yangu utanizika na nani?"

Nichukue hiyo ya Desemba?

Mratibu, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Hukuniambia hiyo kanga imeandikwa nini. Mtu akikudhulumu halafu akakutunza kanga, mimi jina la kanga ndilo huwa nalisoma kwanza.

Usichukue hela ya Desemba. Kazi ichukue ukitaka, lakini hiyo milioni 4 isiguse mkono wako mpaka ya Julai iwe imekaa sawa. Nakuambia hivi nikijua unavyotamani. Mara ya kwanza ulichukua hela ya mtu ukiamini mwenyekiti atakulipa Jumatatu. Hilo ni kosa la kuamini watu, na wengi tumelifanya. Safari hii ungepokea hela ya dada wa Desemba huku unajua tangu mwanzo kwamba inakwenda kwenye ukumbi wa mwenzake, na hapo jambo linabadilika jina. Mbele ya askari wa zamu utaanza kueleza habari za kamati na mama mdogo, naye atakuuliza kitu kimoja tu: ulipoipokea ulijua unaipeleka wapi? Halafu nani atamfanyia harusi huyo wa Desemba? Wa Februari. Na Februari ulishaniambia mwenyewe ilivyo.

Sasa tukae kwenye hesabu, maana naona umeogopa kuiangalia. Umeniandikia kana kwamba shimo ni milioni 4.8. Nakuuliza, katika hizo milioni 11 za Julai, ujira wako wewe ni kiasi gani? Hukusema, na nadhani hata kichwani mwako hujautenga, uko humo humo umechanganyika na maua. Tuseme ni milioni 1.8. Ukikubali kuifanya hiyo harusi bila kulipwa, na itabidi ukubali, shimo linabaki milioni 3. Bado ni hela nyingi, lakini mtu wa milioni 3 analala. Anayeamka saa tisa usiku ni mtu asiyejua anadaiwa ngapi.

Ukumbi kwanza, kwa sababu tarehe ya Julai haihami. Kama wanafunga kanisani, matangazo yanasomwa na padri au mchungaji kwa tarehe ile. Hata wangefunga kwa Mkuu wa Wilaya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla. Ndugu wa mikoani nao wameshakata tiketi. Kumbi nyingine zipo, ila mwezi Julai zinazobaki wazi Jumamosi huwa zina sababu.

Nenda kwa huyo meneja kwa miguu yako, usimpigie. Mameneja wa kumbi wanawahitaji waratibu kuliko wanavyoonyesha, bibi harusi anakwenda pale mara moja maishani, wewe unampelekea watu kila mwezi. Mwombe apokee laki saba Ijumaa na inayobaki baada ya wiki mbili, kwa maandishi. Akikataa, tafuta yote 1.5. Stoo yako ina nini? Mtu aliyepamba miaka sita ana viti, ana taa, pengine na jenereta. Jenereta iuze, utakodi siku ya kazi. Viti wape wapambaji wenzako Jumamosi zote kabla ya Julai. Ukiwa na viti 150, hata kwa shilingi 1,500 kiti kimoja, Jumamosi moja ni 225,000. Wiki hizi ni za kukodisha, usiende kununua vyungu vipya vya maua kwa sababu umeviona Instagram.

Na mume wako mwambie leo. Simaanishi ana hela. Ila usipomwambia, utaishia kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Hao wanafika mlangoni asubuhi, wanabeba televisheni mbele ya mtoto, na mume atajua siku hiyo hiyo, tena kwa sauti ya majirani.

Linalofuata ndilo gumu, na najua hukutaka niliseme. Bibi harusi wa Julai lazima ajue.

Sikutumi umwandikie usiku wa manane chini ya picha ya maua. Omba kukutana naye mchana, yeye na mweka hazina wa kamati yake, au dada yake mkubwa kama ndiye anayeshika mambo. Uende na karatasi moja: hela aliyotoa, ilichonunua, iliyotoka kwenda kusikomhusu, na itakavyorudi kwa tarehe. Usieleze sana habari za mama mdogo, hazimhusu na zitafanana na kisingizio. Halafu mpe kitu ambacho mratibu mwenye hatia hapendi kukitoa: ile milioni 5 iliyobaki asikupe wewe. Kamati yake imlipe mwenye ukumbi moja kwa moja, imlipe MC, imlipe mtu wa maua. Wewe usimamie tu.

Anaweza kukufukuza. Anaweza kukutukana, akasema rudisha milioni 6 zangu, na atakuwa na haki. Nimekaa kwenye kamati nyingi, nyingine kama mweka hazina, tangu enzi tunazungukia ahadi nyumba kwa nyumba na daftari, kabla M-Pesa haijafika nchini mwaka 2008. Niliowaona wakisamehewa ni wale waliosema mapema. Kuna mpambaji mmoja, simtaji, alisubiri mpaka asubuhi ya harusi. Tulifika ukumbini saa nne tukakuta viti vya plastiki vimepangwa na simu yake imezimwa. Ukimwambia leo, bibi harusi ana wiki saba za kupanga upya. Ukimwambia siku tatu kabla, utakuwa umemwibia mara mbili.

Sasa deni lako.

Mama yako amekosea mdaiwa. Milioni 6 hazikuliwa na mama mdogo, ni za kamati, na kamati ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina daftari. Kwenye hilo daftari mna ahadi za milioni 34 na zilizoingia ni 21.4. Kwa hiyo kuna milioni 12 na laki sita zinazotembea mitaani kwa majina ya watu, na wengi wao walikaa kwenye meza zako wakala keki yako. Wala usishangae. Watu wanaahidi Jumapili jioni mbele ya mashemeji, wanakumbuka ada ya shule Jumatatu. Mimi bajeti nilikuwa naipiga kwenye theluthi mbili ya ahadi, na wajumbe walikuwa wananiona mchawi wa harusi. Ya kwenu imeingia kidogo chini ya hapo.

Aibu yao ni kwamba walivunja kamati kabla ya kulipa. Wanakamati wa zamani walilijua hili: kamati haivunjwi ikiwa na deni. Zile sherehe za mbuzi ni za bakaa, yaani hela iliyobaki, kama haipo watu wanakunywa soda wanaagana. Na wewe, mwanangu, ulikuwepo. Mweka hazina aliposema "kidogo", ungesimama hapo hapo ukataja milioni 6 kwa sauti, na wale mbuzi wangewakwama kooni. Sikulaumu, mtu ukishavikwa kanga inakuwa vigumu kusimama.

Mwendee mwenyekiti. Usiende peke yako, nenda na mjomba wako, kaka yao mama yako na mama mdogo. Ndugu wa tumbo moja hawawezi kumwambia mama yako kwamba umemdhalilisha mama mdogo wakati mjomba mwenyewe ndiye alibisha hodi. Uwe na karatasi ya kazi uliyofanya na bei zake, na ile sauti ya "wewe anza tu" uicheze mezani ikibidi. Usiombe milioni 6 kwa mkupuo. Omba kundi la WhatsApp lifunguliwe tena, orodha ya ahadi zisizolipwa iwekwe humo na mweka hazina mwenyewe, na kila kinachoingia kije kwako. Mtanzania anaogopa jina lake kubaki kwenye orodha kuliko anavyoogopa barua ya wakili. Ikirudi nusu tu, milioni 3, shimo la Julai limezibwa.

Wakikuzungusha mpaka baada ya Julai, jua una haki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hailazimishi kila makubaliano yawe ya karatasi, ya mdomo nayo ni makubaliano. Ujumbe wa simu na ile sauti vinaweza kupokelewa kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeruhusu. Deni la milioni 6 linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Lakini hakimu atakuuliza, "Ulikubaliana na nani?" Ukisema kamati, atakuangalia. Kamati ya harusi haina usajili, haina ofisi, inazaliwa kwenye baa na kufia kwenye baa. Unahitaji jina la mtu. Wako ni yule aliyesema "wewe anza tu".

Ndiyo maana kuanzia sasa anayesaini na wewe awe mtu mmoja mwenye jina kamili na namba ya kitambulisho cha taifa. Bwana harusi, mwenyekiti, baba, sijali, ila asiwe "kamati". Hela za wateja ziwe na akaunti yake, au basi lipa namba yake, isiyonunulia maziwa ya mtoto. Ujira wako utaje peke yake kwenye mkataba ili na wewe mwenyewe uujue. Zinazobaki ziwe zimeingia zote siku 14 kabla, na kama hazijaingia, punguza: maua yawe machache, MC awe wa bei ndogo. Harusi inapunguzwa ikiwa bado kwenye karatasi. Ukishafika Jumatano ya wiki yenyewe huwezi kupunguza kitu, unaweza kukopa tu, na hicho ndicho kilichokupata.

Kuhusu ndugu, usiwakatae, utakosa kazi na utakosa wa kula nao sikukuu. Wape bei ile ile unayowapa wengine. Halafu chukua kadi yao ya mchango, andika laki mbili, au kiasi unachoweza, ulipe kama mjomba anavyolipa na shangazi anavyolipa. Hapo undugu umeutoa, na kila mtu ameuona kwenye daftari. Punguzo la milioni 3 ulilompa mtu kimyakimya halihesabiwi kama mchango. Watakuja kuuliza mbona wewe hukuchangia.

Lile la kikoba usilichelewe. Wanakikoba ni majirani, mwambie mwenye zamu mapema kwamba unarejesha kidogo kidogo, ukianza na hela ya viti.

Na mama yako, mrudie kwa upole. Usimwambie anakosea. Mwambie humdai mama mdogo, unaidai kamati, na mjomba ndiye anayekwenda mbele. Atanung'unika kidogo, halafu atakuuliza mmepanga kwenda lini.

Dada wa Desemba mpigie leo, mwambie utampokea mwezi Agosti. Kama ana haraka ya kushika ukumbi, mpeleke kwa mwenye ukumbi akalipe mwenyewe.

Niandikie ukitoka kwa meneja Ijumaa. Na risiti iandikwe jina la bibi harusi, siyo lako.